Tupeane uzoefu: Uliyeacha pombe kwa kukaa kikundini, ulianzaje? (Mwanza na visiwani)

Mwangaluka wakuu. Huku kwetu ukisema unataka kuacha pombe utaambiwa ukaombewe, uende kwa mganga, au uoe. Familia yenye uwezo itakupeleka soba hausi. Vikundi vya walevi wanaokaa pamoja na kuongea, wachache wanavijua.

Mimi nakaa kimoja hapa mjini, jioni, kwenye chumba cha kuazima. Hakuna ada wala kusaini daftari, unataja jina la kwanza basi. Utaratibu ni ule wa Alcoholics Anonymous, ulioanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa walevi wawili: Bill Wilson aliyekuwa dalali wa hisa na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Nasaha tumeshasikia za kutosha, leteni visa.

Kirumba Kati: Kwangu kazi ilikuwa mlango. Chumba kipo njia ya sokoni, na Mwanza hii kila mtu ni shemeji yako. Nilipita pale mbele nikijifanya naongea na simu, nikageuza, nikapita tena. Kuingia, namkuta fundi aliyenipaulia nyumba! Tukatazamana, tukacheka. Mpaka leo mtaani tunasalimiana kama fundi na bosi, ya mle ndani hatuyagusi.

Kilichonishangaza, hakuna anayekujibu. Unaongea, ukimaliza unaambiwa asante, anafuata mwingine. Mimi nilizoea vikao vya ukoo, ambako mlevi ndiye ajenda.

Dada wa Wodini: Kabla hamjafika mbali. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi lazima azimue ndipo mikono itulie, asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Ya pili au ya tatu anaweza kuanza kuweweseka, jasho linamtoka, anaona vitu ambavyo havipo. Inaua hiyo. Kaka yangu alikuwa anafukuza nyoka chumbani usiku wa manane na shangazi ameshaagiza kuku mweusi. Jirani mwenye bodaboda ndiye aliyetuwahisha hospitali, wakampa dawa za kumtuliza na vitamini B1. Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili, na msiliogope hilo jina. Mtu aanzie hospitali, kikundi kifuate.

Mtoto wa Mwaloni: Nipo Ukerewe, navua dagaa. Nyie wa mjini mnasema "kila Alhamisi". Kambini hakuna Alhamisi, kuna giza na mbalamwezi. Wakati wa giza tunavua usiku kwa taa, mchana tunalala, hata nafasi ya kulewa ni ndogo. Mbalamwezi ikiingia dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, mgawo upo mfukoni na gongo ipo hatua chache kutoka kitandani. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 kuna waliodhani tumepona. Thubutu! Tukahamia gongo.

Kwa hiyo sisi tunakaa wakati wa mbalamwezi, kila jioni, pale tunapoanika dagaa. Giza likirudi kila mtu kazini. Aliyetuanzisha ni kuli aliyeachia pombe Mwanza mjini. Alikuja na zile hatua 12 za Alcoholics Anonymous za kuachana na pombe, kwenye karatasi iliyokunjwa mpaka mistari mingine haisomeki, tukawa tunamwuliza yeye. Kuna jioni tunakuwa wawili tu, na tunakaa hivyohivyo. Tajiri mwenye mtumbwi alitucheka sana mwanzoni. Siku hizi akitaka wa kumwachia mashine ya boti anauliza, "Wale wa kikao wako wapi?"

Mama Nyakato: Mume wangu hajawahi kukanyaga kikundi. Niliyekwenda ni mimi. Ndugu za walevi nao wana vikao vyao, Al-Anon, tangu 1951. Nilidhani nitafundishwa namna ya kumwachisha. Wapi! Tuliongelea mimi. Niliacha kumfuata baa usiku, nikaacha kumlipia madeni ya watu. Wifi zangu walininunia. Bado anakunywa, ila mimi nalala.

Sengerema Moja: Nikikosa nauli naingia mikutano ya Zoom kwa simu, kamera nazima. Ninayoipata mimi ni ya Kiingereza, nusu naelewa, na bando linakwenda. Swali: mimi Muislamu, hatua zinataja Mungu na vyumba vingi ni vya kanisa. Mnafanyaje?

Mleta mada: Mkuu, hatua ya tatu inasema Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomfahamu. Chumba cha kanisa ni chumba tu. Kwetu Waislamu wapo, Ramadhani tunakaa baada ya futari.

Buhongwa Stendi: Naweza kumleta mdogo wangu? Nimfiche tunakokwenda?

Mleta mada: Usimfiche, atakuchukia na kikundi atakichukia. Mwambie kipo, halafu mwache. Akikubali, anzeni na mkutano wa wazi, hata wewe usiyekunywa unaingia. Wa kufungwa ni wa wenye tatizo lenyewe tu. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze.

Wa Musoma na Geita, nyie vipi? Bukoba pia, mbona kimya?