Kumtukania mtu mama kabla ya pambano: ni promo au kuuza chuki? Tujadili, hasa watu wa Mwanza

Ng'wana Kirumba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, tujadili bila kushikana mashati.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya Mwanza tangu wiki iliyopita. Vijana wawili watakaopigana MMA (ule mchezo wa ngumi, mateke na kukabana) wamekaa meza moja, promota katikati, wanapokezana maikrofoni. Mmoja anamwambia mwenzake: "Mama yako muuza dagaa Mwaloni, nyumba nzima mnanuka, utanipiga na nini wewe?" Mwenzake anapindua meza, chupa za maji zinaruka, ukumbi mzima unashangilia. Majina siyataji, waliopo mjini wanawajua.

Wasichojua wengi ni kwamba hawa wawili wanafanya mazoezi gym moja. Mpaka mwezi uliopita walikuwa wanashikiana pedi. Bifu ni la kupanga, na mimi hapo sina shida. Aliyetukanwa alikubali kabisa asemwe kwa uoga, kwa kiduku chake, kwa mapambano aliyopigwa. Mama hakuwemo kwenye makubaliano. Mstari wa dagaa promota alimnong'oneza yule mwingine dakika chache kabla kamera haijawashwa. Ile meza haikupinduliwa kwa maigizo.

Msimamo wangu: tambo ruksa, kejeli ruksa, hata bifu la uongo ruksa kama watu wazima wamekubaliana. Ila mzazi, dini, kabila na marehemu visiguswe, na wa kubanwa ni promota. Yeye ndiye anayepanga, na yeye ndiye anayekusanya hela mlangoni.

Najua jibu litakalokuja: "Mbona UFC wanafanya?" Haya, tuwaangalie hao UFC, kampuni kubwa ya MMA ya Marekani. Aprili 2018 Conor McGregor, nyota wao kutoka Ireland, na kundi lake walivamia basi la wapiganaji kwenye ukumbi wa Barclays Center, New York, akarusha kitoroli cha mizigo kikapasua kioo. Michael Chiesa na Ray Borg wakaumia, mapambano yao yakafutwa. Kwenye kazi yoyote ya kawaida huyo mtu anafukuzwa. Yeye akapewa pambano na bingwa Khabib Nurmagomedov wa Urusi, ambaye alikuwa ndani ya basi lile lile, na picha za tukio zikaingizwa kwenye tangazo la pambano. Kwenye mkutano na waandishi akamsema baba yake Khabib, akamsogezea wiski mtu ambaye dini yake haimruhusu kunywa. Na wiski yenyewe ilikuwa ya McGregor, ameizindua mwezi huo huo! Imani ya mtu ikageuzwa tangazo la chupa.

Oktoba 6 kule Las Vegas, Khabib akamkaba raundi ya 4 mpaka akasalimu amri, kisha akaruka uzio wa kizimba kwenda kupigana na watu wa kona ya McGregor. Kamisheni ya michezo ya jimbo hilo, Nevada, ikampiga Khabib faini ya dola 500,000 na kumfungia miezi 9. McGregor akapata dola 50,000 na miezi 6. Pambano lenyewe lilinunuliwa kwenye televisheni za kulipia takriban mara milioni 2.4. Adhabu wakabeba waliopigana, waliouza wakaenda benki.

Karibuni.

Kijana wa Igoma

Mkuu, naomba nitofautiane nawe mapema. Unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuuza tiketi. Mimi nimeuza. Unasimama stendi ya Nyegezi na kitita chako, unamwambia mtu kuna MMA Jumamosi, anakuuliza, "Hiyo ni karate?" Baada ya klipu ile watu wananipigia wenyewe.

Tuwe wakweli. Mapambano makubwa ya Marekani huku kwetu yanafika Jumapili alfajiri, saa kumi na moja hivi, watu wamelala au wanajiandaa kwenda kanisani. Tunachojua cha UFC ni vipande vya kwenye simu, na vipande vinavyosambaa ni vya mdomo. Mpira una Simba na Yanga, mtoto anazaliwa anakuta bifu limeshawekwa tayari nyumbani. Sisi tunaanzia sifuri.

Halafu mdomo ni silaha. José Aldo, bingwa wa UFC kutoka Brazil, alikuwa hajapoteza pambano kwa miaka 10. McGregor akamzungusha nchi na nchi kwa maneno, Dublin akafika mahali pa kumpokonya mkanda mezani mbele ya mashabiki. Desemba 2015 wakakutana, Aldo akaingia kichwa kichwa kwa hasira. Sekunde 13, yuko chini. Hiyo unataka kuipiga marufuku?

Na Mandonga je? Kuna mabondia wangapi Tanzania wenye ngumi kali kuliko Karim Mandonga? Wengi. Unawajua kwa majina? Yeye alibatiza ngumi yake "Sugunyo", akavuka nayo mpaka Nairobi, Januari 2023 akampiga Daniel Wanyonyi pale KICC, Wakenya wakabaki wanalitaja hilo jina. Bila mdomo angekuwa nani?

Ng'wana Kirumba (mleta mada)

Kwa mfano wa Mandonga umenisaidia, ndugu yangu. Kilichomuuza ni kujisifu. Ngumi yake, umbo lake, "mtu kazi". Watu walilipa kuona kama huyu muongo atapigwa leo au kesho, wakirudi nyumbani wanacheka hata akipigwa. Nani alihitaji kumchukia mtu?

Binti wa Mwaloni

Kwa hiyo sisi ni harufu.

Mimi nauza dagaa, meza tatu kutoka kwa huyo mama. Niwaambie kilichotokea maana nyie mnajadili Las Vegas. Jumatatu asubuhi alikuwa anahesabu magunia na mteja wa Kongo, kuli mmoja akapita amewasha klipu kwa sauti ya juu, akamwita "mama harufu". Mteja hajui hata Kiswahili vizuri, lakini kicheko anakielewa. Mama alimaliza kuhesabu, akapokea hela yake, akajifunga kitenge upya, akaendelea. Tangu siku hiyo mwanae hajamsalimia yule rafiki yake, na hapo kabla yule rafiki alikuwa anakula kwao ugali karibu kila siku ya mazoezi. Glovu za mwanae zilinunuliwa kwa dagaa. Hata za huyo mtukanaji, jozi ya kwanza, alinunua huyo mama. Hilo promota hakuliweka kwenye klipu.

Pita Njia

Wakuu tiketi zinapatikana wapi? Nataka mbili.

Kijana wa Igoma

Njoo inbox.

Binti wa Mwaloni

Umeona sasa.

Mzee wa Kisesa

Mwadila, wanangu. Nimesoma nikaona niseme, kwa sababu mnazungumza kana kwamba bifu la kupanga limeletwa na Wazungu.

Sisi huku Usukumani tuna Bagika na Bagalu. Vyama viwili vya ngoma, vimetokana na waganga wawili wa zamani walioshindana, na mpaka leo watu wanarithi upande. Msimu wa mavuno ukiisha, mwezi wa sita na wa saba, wanaalikana. Nenda Bujora kwenye sherehe za Bulabo ujionee. Timu mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wanatembea. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Basi hapo utasikia maneno! Manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, anatunga wimbo wa kumkebehi mwenzake miezi kabla. Anamsema kwa umaskini wake, kwa sura yake, kwa ng'ombe aliozidiwa, kwa dawa zake zilizochacha. Watu wanakimbia kutoka upande huu kwenda ule kwa mstari mmoja tu wa wimbo. Ukitafuta promota mkali kuliko manju wa Kisukuma humpati.

Lakini angalieni ilivyokaa. Anayetukanwa naye ni manju. Ana ngoma yake, ana watu wake, na anajibu siku hiyo hiyo kwa wimbo wake. Mama muuza dagaa hana maikrofoni. Huo ndio ubaya ninaouona mimi, na sisemi kwamba zamani hatukuvuka mpaka. Tulivuka, na kuna ugomvi ulioanzia kwenye ngoma ukaishia pabaya. Ila mtu akivuka, wazee waliitwa.

Mwalimu Sengerema

Mleta mada, orodha yako nzuri kwa kuitaja, ngumu kwa kuitumia. Unasema kabila lisiguswe, na asili ya mtu nadhani imo humo. Sasa chukua wapiganaji wa UFC, Dricus du Plessis na Israel Adesanya. Du Plessis, Mzungu wa Afrika Kusini, alisema yeye ndiye atakuwa bingwa wa kweli wa kwanza kutoka Afrika kwa sababu anaishi na kufanya mazoezi Afrika, wakati Adesanya yuko New Zealand, na mabingwa wengine, Usman wa Nigeria na Ngannou wa Kameruni, nao walishahama. Adesanya aliyezaliwa Lagos aliposikia hilo alichafukwa. Kabla ya kukutana Perth, Agosti 2024, mabishano yakawa makali mpaka Adesanya akatokwa machozi mbele ya waandishi. Akapigwa kwa kukabwa raundi ya 4.

Ilikuwa promo? Ndiyo. Iliuma? Sana. Lakini swali lenyewe, nani Mwafrika, aliyehama au aliyebaki, ni swali ambalo Waafrika tulikuwa tunajiuliza hata bila UFC. Nikifuata sheria yako, mjadala ule ungezimwa. Mimi ningependelea tuseme hivi: kinachosemwa kiwe kinamhusu mpiganaji mwenyewe na kiwe kinajibika. "Wewe ulihama" linajibika. "Mama yako ananuka" unalijibuje?

Ng'wana Kirumba (mleta mada)

Mwalimu, hicho kipimo nakichukua, kinakaa karibu na cha Mzee wa Kisesa. Na tazama Colby Covington, Mmarekani wa UFC, Desemba 2023. Anamtajia mpinzani wake, bingwa Leon Edwards, baba yake aliyeuawa kwa risasi Edwards akiwa mtoto. Hapo kuna hoja gani ya kujibu? Edwards alimrushia chupa, kisha akamshinda kwa pointi, na pambano lenyewe wala halikuwa la kusisimua. Huyo Covington kwa maelezo yake mwenyewe alianza kutukana kwa sababu aliambiwa anaachwa, hauzi, hata akishinda. Akaenda São Paulo 2017 akawatukana Wabrazili wote ukumbini, ajira ikaokoka. Kampuni ndiyo iliyomfundisha kuwa kushinda hakutoshi.

Na wasioamini kwamba mtu anaweza kuuza kwa kimya, Georges St-Pierre wa Kanada aliuza sana kwa miaka mingi, tena kwa suti na adabu.

Kocha wa Mabatini

Mmezunguka sana, ngoja niwape la jikoni. Nimepeleka vijana ulingoni, ngumi na kick boxing, nawajua hawa watu.

McGregor akitukana, anapata fungu kwenye mauzo. Alipokwenda kuzipiga ndondi na bondia Mayweather 2017, walizunguka Los Angeles, Toronto, New York na London wakitukanana siku nne mfululizo, na Marekani peke yake pambano likauzwa zaidi ya mara milioni 4. Kila tusi lilikuwa na bei na aliyelitoa alilipwa, hata aliyelipokea alilipwa. Matusi yao sikubaliani nayo, lakini hesabu naielewa.

Kijana wa Mwanza anasaini laki tatu. Ukumbi uwe mtupu ni laki tatu, ufurike mpaka watu wapande madirishani ni laki tatu, tena nusu anapewa baada ya kusumbuana. Sasa niambieni, yule aliyetamka neno la dagaa aliuza urafiki wake kwa shilingi ngapi? Sifuri. Alikuwa anamfanyia promota kazi ya bure akidhani anajijengea jina. Mwenzake naye anakwenda kupigana na hasira za kweli dhidi ya mtu anayejua kila udhaifu wake, maana wamefanya mazoezi pamoja. Hapo ndipo mtu anavunjwa mkono kwa sababu mwenzake kagoma kuachia kabari. Mazoezini unaachia mwenzako akikugonga mara mbili kusalimu amri. Kwenye chuki unasubiri mwamuzi akuvute.

Ninachotaka mimi ni vitu viwili kwenye mkataba. Mpiganaji akitakiwa kufanya bifu, apewe asilimia ya mlangoni. Na maneno yasiyoguswa yaandikwe kabla, kila mmoja aorodheshe ya kwake. Mmoja atasema usimtaje mama, mwingine atasema usiitaje talaka yangu, mwingine hana neno, mseme utakavyo.

Kijana wa Igoma

Asilimia ya mlangoni nakubali mia kwa mia, kocha. Ya pili promota hasaini. Na kijana wako akikataa bifu, kuna kumi wanaotaka jina, watatukana hata bibi zao wenyewe.

Kocha wa Mabatini

Ndiyo maana siipeleki kwa promota. Ngumi za kulipwa zina kamisheni yake, TPBRC, na michezo yote iko chini ya BMT, Baraza la Michezo la Taifa. Promota anahitaji kibali. Kibali kikija na fomu hiyo, hao kumi nao watakutana nayo.

Pita Njia

Sasa pambano bado lipo au limefutwa? Mbona jamaa hajibu inbox?

Kijana wa Igoma

Lipo. Elfu kumi ya kawaida, elfu thelathini ya mbele.

Binti wa Mwaloni

Ya mbele niwekee moja. Nakwenda na mama yake.