Kufunga tawi la Ngamiani na kuhamia Kange: tunapimaje kabla ya kusaini?

Duka_Tatu:
Assalaam aleikum wadau. Tuna maduka matatu ya vyakula yenye jina moja hapa Tanga. La Ngamiani ndilo kongwe, ila mauzo ya jioni yameshuka na mkataba wa fremu unaisha baada ya miezi minne. Wateja wengi wa mzigo mkubwa wamejenga Kange na Pongwe. Mwenzangu anataka tufunge Ngamiani, kila kitu kiende Kange jirani na stendi. Kuna fremu mbili za kuunganisha, pango 1,200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anazitaka "mkononi kamili", na kilemba (pesa ya kupewa nafasi) juu yake. Tutajuaje kama wateja watatufuata? Karatasi zipi zitaguswa? Na friza nne zinahamishwaje zisife?

Kibubu:
Waaleikum salaam. Anza na risiti za mashine za miezi 12. Zitenge mafungu mawili: zilizo chini ya 10,000 na zilizozidi 30,000. Mji ukipanuka, kinachotangulia kuondoka ni kapu la mwisho wa mwezi: mchele kilo 25, dumu la mafuta lita 20, sabuni kwa katoni. Mkate, maziwa na sukari ya robo vinabaki kwa sababu watu wa barabara za namba pale Ngamiani bado wanapika kila siku. Kama risiti ndogo hazijapungua idadi, duka la Ngamiani halijafa. Linataka fremu ndogo na rafu chache, basi.

Kwenye stendi ndipo wengi wanapopotea. Umati wa stendi ya Kange ni abiria. Abiria anataka maji, biskuti na chaji ya simu, na hivyo wamachinga wanampelekea hadi dirishani mwa basi. Mteja wako ni yule anayeshuka daladala saa kumi na mbili jioni akielekea nyumbani. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayetoka mjini anashukia mkono wa kushoto wa barabara ya kwenda Segera. Fremu ikiwa upande wa pili, anatakiwa avuke barabara kuu yenye malori huku giza likiingia, ameshika mtoto na mfuko. Havuki. Atamalizia kwa mangi, mwenye kiduka cha mtaani kwake. Kabla ya kutoa hata shilingi, mweke kijana upande huo kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, Jumanne moja, Ijumaa moja na Jumamosi moja, na zamu nyingine baada ya tarehe 25 mishahara ikishatoka. Asihesabu vichwa tu. Aandike nani ameshika mfuko wa duka la mjini, maana huyo ndiye unayeweza kumnasa. Msihesabu Ramadhani, mtadanganyika.

Karani wa Chumbageni:
Mkuu, hiyo "mkononi kamili" ndiyo inayokula watu. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio 10% ya pango na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato). Mwenye nyumba akitaka 1,200,000 safi, pango halisi ni 1,333,333 na wewe unabeba 133,333 kila mwezi. Kwa mwaka pango hilo ni 16,000,000, na ushuru wa stempu wa mkataba ni 1%, yaani 160,000. Sasa gawa: kama faida ghafi ya vyakula kwenu ni 12%, mnahitaji mauzo ya 11,100,000 kwa mwezi kulipia pango peke yake, bado mshahara, umeme na bidhaa zinazoharibika. Andikeni kwenye mkataba kwamba 1,200,000 ni kabla ya zuio. Akikataa, mshushane hapo hapo.

Kilemba nacho kisitolewe kwa mkono mtupu. Kikikosa kuandikwa, siku ya ugomvi hakipo. Mwombe akiandike kuwa ni pango la mbele la miezi kadhaa.

Halafu chukueni futi kamba. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Fremu nyingi nzuri za kandokando zimo humo ndani, na siku TANROADS (Wakala wa Barabara) wakichora X ya kubomoa ukutani, bango lako, vigae ulivyoweka na kilemba vyote vinakwenda.

Karatasi:
– Leseni ya biashara inataja eneo. Kuhama kunataka maombi Halmashauri ya Jiji kupitia mfumo wa TAUSI, msiende na leseni ya Ngamiani mkadhani inatosha. Mkibakisha Ngamiani na kuongeza Kange, kila duka na leseni yake.
– TRA wajulishwe anwani mpya kwanza, ndipo wakala wa mashine ya risiti (EFD) abadilishe. Risiti inayotoka Kange ikiwa na anwani ya Ngamiani ni mgogoro siku ya ukaguzi.
– Jengo la chakula linasajiliwa TBS (Shirika la Viwango), na usajili ni wa jengo. Ule wa zamani hauhami nanyi.
– Msisahau Zimamoto, OSHA (usalama mahali pa kazi), na stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani.
– LUKU (umeme wa kulipia kabla): ingizeni namba ya mita ya fremu mpya mnunue umeme wa elfu mbili mbele ya mwenye nyumba. Kama kuna deni la mpangaji aliyepita, litaonekana kwenye makato.

Bin Pwani:
Nitapingana kidogo na wote wawili. Mnaongea kama eneo ndilo linaloua maduka. Shoprite, supamaketi za Afrika Kusini, waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt wa Kenya mwaka 2014, Uchumi, nao wa Kenya, wakafunga yao Oktoba 2015, na Nakumatt nao wakafuata. Nakumatt alikuwa na nafasi nzuri Mlimani City, Dar es Salaam, na bado rafu zilikauka kwa sababu wasambazaji hawakulipwa. Kwa hiyo Duka_Tatu, pesa ya kuhamia isitoke kwenye deni la wasambazaji. Kila atakayechelewa siku 10 atapunguza mzigo wiki ile ile mnayofungua, na mteja mpya akikuta rafu tupu mara mbili hakupi ya tatu.

Tena wajulisheni mapema. Gari la mikate na la maziwa lina njia yake. Kama Kange hawapiti saa 12 asubuhi, mtauza mkate wa jana.

Duka_Tatu:
Ahsanteni sana. Fremu iko kulia ukitoka mjini, hilo hatukuliwaza kabisa. Vipi friza?

Fundi Baridi:
Friza zizimwe saa 24 kabla, zimwagwe maji na zikaushwe. Barafu ikibaki, itayeyukia kwenye waya njiani. Zipandishwe kwenye kenta zikiwa wima, mlango ukifungwa kwa kamba, si kwa gundi ya karatasi, inararua mpira. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba. Ikifika iache wima saa 24 ndipo uwashe. Iliyosafiri wima, saa nne zinatosha.

Msiziunge zote nne kwenye waya mmoja wa fremu. Kompresa inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, na umeme ukirudi baada ya kukatika zote huanza pamoja. Fundi atoe saketi mbili za waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye breka, kila moja friza mbili, na kila friza iwe na kinga yake inayochelewesha dakika tatu hadi tano. Wekeni hizo dakika tofauti: moja tatu, nyingine tano.

Pembeni ya barabara kuu vumbi ni jingi. Kondensa, yale mabomba ya nyuma yanayotoa joto, ipigwe brashi kila mwezi, na friza ikae sentimita 10 kutoka ukutani. Zijazeni mzigo baada ya kufika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kuku na samaki mwisho.