Ndege za kijeshi za AI kwenye FSX: tumeuziwa mbuzi kwenye gunia

Wakuu heshima kwenu, leo naombeni mnivumilie maana nimevurugwa. Hawa jamaa wanaouza pakeji ya ndege za kijeshi za AI (zile zinazoendeshwa na kompyuta yenyewe) kwa ajili ya FSX, yaani mchezo wa kurusha ndege wa Microsoft Flight Simulator X (siwataji, mods wasije wakaufuta uzi) wanatuchukulia poa sana. Tangazo lao limejaa sifa, eti besi za Ulaya, ratiba halisi, ukishainstola tu unaruka. Nikalipa dola zangu, nikachoma bando la usiku kushusha hayo mafaili, nikainstola, nikawasha sim nikiwa Stansted, uwanja wa London, ili nikatize hapo juu nikaone ndege za kivita za F-15 za Lakenheath, besi ya Wamarekani huko Uingereza.

Stansted nyeupe pee. Hakuna ndege hata moja, zile Orbit na World Travel za kubuni zinazokuja na mchezo wenyewe nazo hola!

Kwa wasiojua, FSX ikikuta hata faili moja la trafiki (lenye ratiba za ndege za AI) lenye muundo wa zamani wa FS2004, toleo la kabla yake, kwenye folda inazosoma, inazima mafaili yote yenye muundo wake yenyewe, mpaka trafficAircraft.bgl iliyokuja na mchezo, na haikwambii kitu, inakaa kimya tu. Sasa mtu anauza kitu kimeandikwa FSX kwa herufi kubwa halafu ndani kaweka faili la FS2004. Hili jambo linajulikana miaka nenda rudi, na programu ya kuhariri trafiki, AIFP, ipo ya bure kabisa, unalifungua faili, unalisevu kwa muundo wa FSX, dakika chache umemaliza. Wao wameshindwa kufanya hivyo na hela wamekula.

Haya, nikageuza mwenyewe, ndege za abiria zikarudi, nikaenda Lakenheath (EGUL). Nikakuta F-15E chache zimepaki, ila skwadroni ya 494 haipo kabisa. Nikafungua aircraft.cfg, faili linaloorodhesha rangi za ndege, kila moja na namba yake. Aisee. Inaanza [fltsim.0] inashuka vizuri mpaka [fltsim.6], halafu inayofuata ni [fltsim.8]. Saba haipo, mtu kafuta rangi moja akasahau kupanga namba upya, na sim ikikuta namba imerukwa inaishia hapo hapo, vyote vya chini haivisomi, na 494 nzima ilikuwa huko chini. Nikapanga namba. Bado ndege mbili hazitokei, kumbe kwenye title= (jina la ndege) wameweka nafasi mbili kati ya LN, alama ya mkiani ya Lakenheath, na 494 wakati kwenye faili la trafiki ni nafasi moja, na jina lisipofanana herufi kwa herufi ndege haiji ng'o. Yani hawakuijaribu hata mara moja kabla ya kuiuza, nakataa mtu asiniambie waliijaribu.

Halafu maegesho. Unamwekea mtu ndege zote hizo bila kumpa faili la uwanja lililorekebishwa, zitalala wapi? F-15 inatua vizuri, inatoka kwenye ranwei, inakosa pa kupaki, inayeyuka mbele ya macho yako. Mildenhall pale jirani ndio vichekesho, KC-135, ndege ya kujaza mafuta angani, ina mabawa ya karibu mita 40, kwa hiyo inataka duara la kupaki lenye nusu kipenyo cha mita 20 hivi, duara likiwa dogo haitokei kabisa, na pakeji yote haina hata sehemu moja ya maegesho ya kijeshi (MIL_CARGO wala MIL_COMBAT) waliyoongeza. Besi ya ndege za kujaza mafuta haina ndege ya kujaza mafuta.

Helikopta za Chinook za Odiham, besi ya Waingereza, zinakimbia kwenye ranwei kama Cessna ndio zipae, hilo nawasamehe kwa sababu AI ya FSX haijui helikopta, kila mtu anadanganya kwa kuipa tabia za ndege ya kawaida. Ila si wangesema kwenye tangazo?

Na hiyo "ratiba halisi" ndio imenimaliza. Wanasema pakeji ni ya mwaka jana ila F-15C bado zimo, wakati ziliondoka Lakenheath 2022, na F-35A zilizoanza kufika pale Desemba 2021 hakuna hata moja. Na ratiba zote wameandika 24HR badala ya WEEK, maana yake kila siku ndege zile zile saa zile zile, Jumapili zinaruka, Krismasi zinaruka. Hivi mtu wa kunakili mstari mmoja na kuubandika mpaka chini ndio wa kudai hela ya "utafiti"?

Nikawaandikia sapoti kila kitu, namba iliyorukwa, picha za skrini, kila kitu. Jibu lao: sogeza slaida ya trafiki mpaka asilimia 100. Jamani! Ile asilimia iliyoandikwa kwa kila ndege kwenye ratiba ndio inaangaliwa na slaida, ni kweli, ila slaida haiwezi kuleta ndege ambayo sim haijui kama ipo. Nikawajibu hivyo hivyo, tiketi ikafungwa.

Kama umeshanunua, usilifute faili lao kwanza, nitaweka hapo chini mistari gani nimerekebisha kwenye aircraft.cfg, pakeji yenyewe siwezi kuipandisha maana ni mali yao hata kama ni mbovu. Wenye P3D (Prepar3D, sim nyingine iliyotokana na FSX) v4 kwenda juu msiiguse hata kwa bahati mbaya, modeli nyingi humo ndani ni za FS2004 na sim za 64-bit haziwezi kuzionyesha. Na kama kuna mtu hapa aliwahi kurudishiwa hela na hawa jamaa aseme alipitia njia gani, kadi au nini, maana benki yangu wameniambia nilete barua ya muuzaji na muuzaji ndio huyo hajibu.