Mkanda wa dereva haurudi ndani, nifanyeje hapa Nairobi?

Kutoka: mdogo wenu wa Kasarani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za wikiendi.

Nina gari dogo la Kijapani nililonunua kwa mtu hapahapa Nairobi. Nikifungua mkanda wa dereva haurudi. Unabaki umelala kwenye paja mpaka niusukume kwa mkono, na juzi nilifunga mlango ukabanwa nje, ukingo wake umeingia grisi. Fundi wa mtaani amesema springi imechoka. Anataka aifungue aikaze, au aniletee mkanda mwingine wa mitumba kutoka Grogan, kule kwenye maduka ya spea. Nyumbani Tanga ningemuuliza mjomba, huku nina ninyi tu. Nikubali?

Kutoka: kaka wa South B

Marahaba, mdogo wangu. Usikubali kwanza, hasa hilo la kufungua springi.

Mkanda unaosuasua kurudi, mara nyingi shida yake ni uchafu. Gari lilikaliwa na watu miaka kadhaa huko Japani kabla halijashuka Mombasa, jasho na mafuta ya mwili vikaingia kwenye utepe. Likafika hapa likaongezewa vumbi jekundu. Tazama pale juu ya bega, mkanda unapopita kwenye kitanzi kilichofungwa kwenye nguzo ya mlango. Pitisha kucha kwenye tundu lake. Ikitoka na utando mweusi unaonata, mchawi wako umemwona.

Jaribu na hivi, hakuhitaji hata spana. Shika kipande cha mkanda kilicho chini ya kitanzi, kati yake na pale unapozama kwenye nguzo. Kivute nje kidogo, kisha kiachie. Kikimezwa upesi, springi ni nzima na kinachozuia ni kitanzi au utepe wenyewe. Kikizubaa hata hapo, ndipo tuongee habari za springi. Angalia pia kama mkanda haujajipindua ndani ya kitanzi. Ukishakunjika pale haupiti, unaunyoosha kwa vidole na kazi imekwisha.

Kuusafisha: vuta mkanda wote mpaka mwisho, uubane kwa kibanio karibu na nguzo ili usirudi. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo na kitambaa ulichokikamua vizuri, maana maji hayatakiwi kutiririka ndani ya nguzo. Futa kwa kufuata urefu wa utepe, mbele na nyuma, suuza kitambaa, rudia mpaka kiache kutoka cheusi. Kitanzi kisafishe kwa spiriti: lowanisha kitambaa chembamba, kipitishe kwenye tundu, ukivute huku na huku. Jik usitumie, petroli usitumie, na vijana wa kuosha magari uwaambie hivyohivyo. Utepe ule ni wa nyuzi za poliesta. Dawa kali inazila nyuzi taratibu na kwa macho huoni kitu, mpaka siku unapouhitaji mkanda.

Halafu uache ukauke ukiwa bado umebanwa nje. Julai hii ya mawingu hapa Nairobi, usiuachie kabla ya kesho yake. Mkanda mbichi ukirudi ndani unaota ukungu. Wala asikudanganye mtu upulize mafuta au silikoni kwenye kitanzi ili uteleze. Utateleza wiki moja, kisha vumbi linaganda juu ya mafuta na unakuwa mbaya kuliko ulivyoanza.

Sasa fundi wako. Ndani ya nguzo kuna kiboksi kinachokunja mkanda. Upande mmoja kuna springi bapa iliyozungushwa, kama ile ya futi ya fundi seremala. Upande wa pili kuna gololi au pendulamu na meno, ndivyo vinavyoukamata mkanda gari linaposimama ghafla. Kifuniko cha springi kikifunguliwa, springi inafyatuka, inakata vidole, na kuirudisha kwa mvuto wake wa kiwandani si kazi ya kufanyia kando ya barabara. Tena magari mengi ya umri wa lako yana baruti kidogo kwenye kiboksi hichohicho, ya kuukaza mkanda wakati wa ajali. Utaijua kwa waya wenye soketi ya njano. Kifaa hicho hakifunguliwi, hakigongwi, hakipimwi kwa taa ya fundi umeme. Ikibidi kitolewe kizima, betri inachomolewa kwanza, mnasubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, ndipo soketi iguswe. Hapo nakusihi kabisa, mdogo wangu.

Kutoka: mama wa Rongai

Asante kaka, na mimi nimefaidika. Niliwahi kupanda teksi, dereva amebana mkanda wake begani kwa kibanio cha nguo ili usimkabe. Aliniambia mkanda unaosumbua unatulizwa hivyo. Kuna ubaya? Na hiyo ya Grogan hujamjibu mtoto.

Kutoka: kaka wa South B

Ubaya upo, mama, tena mkubwa. Kibanio ni cha wakati wa kusafisha tu, gari likiwa limesimama. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Faida hiyo inatokana na mkanda uliolala mwilini. Uliolegezwa unakuacha uende mbele kwanza, kasi ikiwa yote, ndipo ukudake kifuani. Ndiyo maana mkanda usiorudi naona ni ubovu wa kushughulikia mapema, hata kama unafunga na kufungua vizuri.

Grogan sina neno nayo, spea nyingi za Nairobi zinapatikana pale Kirinyaga Road na mimi hununua. Ila mkanda wa mitumba una masharti yake. Wengi watakwambia ni ex-Japan, yaani mtumba uliotoka Japani, wewe uvute wote mpaka mwisho, hapohapo kwenye kaunta, uukague. Ukiona utepe una mawimbi, ukingo umechanika nyuzi, au kuna mstari unaong'aa kana kwamba umeyeyuka, huo ulishabeba mtu kwenye ajali. Urudishe. Na ule ambao baruti yake imelipuka mara nyingi umekwama, hauvutiki, au unatoka na kubaki umelegea.

Usikubali wa gari jingine "unaofanana". Ile gololi imepangwa kukaa wima kwa mwinamo wa nguzo ya gari hilohilo. Ukikifunga kiboksi kwenye nguzo yenye mwinamo tofauti, mkanda unajifunga gari likiwa limetulia, au unachelewa kukamata unapotakiwa. Kulia na kushoto navyo havibadilishani. Nenda na namba ya chesisi kutoka kwenye logibuku. Ukiweza kumudu mpya, kwa mkanda mimi nakushauri ununue mpya. Kama ni kubana matumizi, bana kwenye redio. Boliti zake zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu. Ukimaliza, uvute kwa ghafla: lazima ukamate. Uvute polepole: lazima uje bila kusita. Na taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi iwake ukiwasha gari, kisha izime. Isipozima, fundi hajamaliza kazi.

Kutoka: mdogo wenu wa Kasarani

Kaka, Mungu akubariki. Nimefanya jana, nimeuacha usiku kucha, asubuhi nimeuachia umerudi wenyewe mpaka juu. Kitanzi kilikuwa kimejaa kabisa, kitambaa kilitoka na uzi wa uchafu mzito, ningeweza kuukunja. Nikivuta kwa ghafla unakamata. Fundi nimemshukuru, nikamwambia tutaonana kwenye oili.

Sasa nikaona nisafishe na wa nyuma, nikauvuta wote. Tangu hapo ukirudi unalia ta-ta-ta, na ukisimama katikati hautoki tena hata kidogo. Nimeuharibu?

Kutoka: kaka wa South B

Hujauharibu. Baadhi ya mikanda imetengenezwa hivyo kwa ajili ya kufungia kiti cha mtoto: ukivutwa mpaka mwisho, unaingia kwenye hali ya kurudi tu bila kutoka. Uache uingie wote, usiushike katikati, mpaka mlio ukome. Ukiuvuta tena taratibu utatoka kama kawaida.