RTX 3080 inagonga nyuzi 110 kwenye memori: niifungue, niiflashi au niiache?

mrenda_usiku:
Wakuu, nina kadi ya picha RTX 3080 ya GB 10, nimeinunua ikiwa imeshatumika na waranti imekwisha. Kwenye gemu haina neno. Ila nikiiachia kazi ya kurenda (kugeuza michoro ya 3D kuwa picha kamili) kwenye Blender usiku kucha, memori inagonga nyuzi 110, spidi inashuka na feni zinavuma mpaka chumba cha pili. Rafiki yangu ananishauri nifanye yote kwa mpigo: nibadili pasta na pedi zinazopeleka joto kwenye kipozeo, niflashi (niandike upya) BIOS, ile programu ya ndani ya kadi, niweke ya kadi yenye wati nyingi, halafu nilehemu rizista juu ya zile zinazopima umeme. Kadi ni hii moja tu na ndiyo inayoniingizia kazi. Kipi faida yake inazidi hatari?

bisibisi_ndogo:
Mkuu, shida yako ni joto, na mawili kati ya hayo matatu yanaongeza joto. Yaache.

Anza na kushusha volti, maana hapo hufungui hata skrubu moja. Wati za chipu zinakwenda na volti ikizidishwa kwa yenyewe. Ukiitoa 1.05 ukaiweka 0.875 kwa spidi ileile, chipu inapunguza kama asilimia 30. Ikigoma, programu inaanguka, unawasha upya na kupandisha volti kidogo. Memori haishuki volti kwa njia hiyo, lakini kipozeo ni kimoja, kwa hiyo nayo inapata nafuu.

Rizista ndiyo inayonitisha. Zile za 5 miliomu ukizipandishia nyingine za 5, zinakuwa 2.5, na kadi inasoma nusu ya umeme unaopita. Yaani ulinzi wake umeupofusha. Soketi ya ubao mama imepangiwa wati 75 tu, na kadi haitajua kama umezipita.

kijana_wa_BIOS:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila BIOS isihukumiwe kwa ujumla. RX 5700 yangu, kadi ya AMD, niliiwekea BIOS ya kaka yake mwenye nguvu zaidi, 5700 XT, na ile ilikuwa na maana: kikomo kilitoka wati 180 hadi 225 na spidi ikapanda kwelikweli. Viini vilibaki 2304, havikuwa 2560 kama vya XT, lakini nilikaribia. Tena kadi ilikuwa na swichi ya BIOS mbili, kwa hiyo njia ya kurudi ilikuwepo. Kwenye 3080 huwezi kuhariri BIOS yako kwa sababu ina saini ya Nvidia. Utaazima ya kampuni nyingine, yenye mpangilio mwingine wa feni na matundu ya skrini. Faida ni fremu chache, hatari ni skrini nyeusi. Kwa kadi ya kazi, mimi nisingegusa.

mrenda_usiku:
Nimeshusha hadi 0.875 na 1800 MHz. Memori imetulia kwenye 102 na muda wa kurenda haujabadilika kiasi cha kuonekana. Sasa natamani kuifungua niweke pedi mpya, na pasta niweke ya metali kimiminika. Niangalie nini?

bisibisi_ndogo:
Metali kimiminika hapana. Ina galiamu, na galiamu inakula alumini. Tone moja likitambaa kwenye vijidude vya pembeni mwa chipu linapiga shoti. Pasta ya kawaida inatosha.

Hatari kubwa ya kazi hii ni unene wa pedi. Zikizidi hata nusu milimita, kipozeo kinakaa juu ya memori na hakikandamizi chipu. Pima zile za zamani kwa kalipa mahali ambapo hazikubanwa, maana katikati zimeshabonyea. Pengine upande mmoja ni tofauti na mwingine, kwa hiyo piga picha kabla hujatoa kitu. Nunua pedi zilizo laini.

Washa kadi ipate joto kidogo, izime, chomoa umeme, ndipo ulegeze skrubu kwa msalaba. Kipozeo usikivute: kizungushe taratibu kushoto na kulia mpaka pasta iachie, kisha kiinue upande mmoja tu, maana waya za feni bado zimeshika ubao. Plagi zake ni ndogo. Zitoe kwa kucha, usivute waya.

Ukishafunga, linganisha joto la chipu na joto la sehemu yake yenye moto kuliko zote. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 15 ni ya kawaida. Ikiruka kwenye 25 na kuendelea, pedi ni nene. Zima palepale na ufungue tena.