Pointi 97 za Leicester: acheni kutufumba macho

Wakuu, hii tabia ya kila klabu ya Leicester City ikikosolewa mtu kurusha "tulibeba Championship kwa pointi 97" inachosha na inaudhi. Zile pointi za ligi ya daraja la pili England, msimu wa 2023/24, ni halali: mechi 46, ushindi 31, mabao 89. Tatizo ni viongozi kuzifanya cheti kwamba kikosi kimeiva kwa EPL, yaani Ligi Kuu ya England, wakati dalili mbaya zilionekana mapema kabla ya kombe kukabidhiwa.

Tazameni mpira wenyewe. Timu ikiwa na mpira, kocha Enzo Maresca alimtoa Ricardo Pereira beki ya kulia akamwingiza katikati, kando ya kiungo Harry Winks. Nyuma wanabaki watatu, mawinga Mavididi na Fatawu wamenata kwenye mstari wa pembeni, kiungo Dewsbury-Hall anachelewa kidogo halafu anapasua boksi. Timu nyingi za Championship zilirudi nyuma zikasubiri, ndiyo maana Leicester wakashinda mechi 13 kati ya 14 za kwanza.

Sasa mpira ukipotea pale katikati? Upande aliouacha Ricardo ni uwanja mtupu. Beki wa kati analazimika kukimbilia pembeni, na nafasi aliyotoka haina mtu. Leeds waliwafunga nyumbani na ugenini. Middlesbrough nao nyumbani na ugenini! Aprili 2024 wakapoteza 1-0 kwa Millwall, siku tatu baadaye 1-0 kwa Plymouth iliyokuwa ikipigania kutoshuka. Hapo ndipo benchi la ufundi na bodi walitakiwa kukaa chini na kujiuliza. Walisherehekea.

Kilichofuata kinauma zaidi. Maresca akaenda Chelsea na Dewsbury-Hall akamfuata, mabao 12 na pasi za mabao 14 zikaondoka kwa mkupuo. Kikosi kilichozoeshwa msimu mzima kuanza mpira kwa kipa kikakabidhiwa kocha Steve Cooper, ambaye akiwa Nottingham Forest alijulikana kwa kukaba chini na kushambulia kwa kushtukiza. Huwezi kubadili mfumo namna hiyo na kubaki na wachezaji walewale.

Mtasema pesa zilibana. Ndiyo, zilibana, na sababu inajulikana. Wakati ule EPL iliruhusu hasara ya pauni milioni 35 kwa msimu, yaani 105 kwa misimu mitatu. Msimu mmoja ukiwa wa Championship, wenyewe ulihesabiwa milioni 13 tu, jumla ikashuka hadi 83. Leicester walipoteza karibu milioni 90 katika ule msimu mmoja wa kushuka kutoka EPL, 2022/23. Kwa hiyo kila pauni ilipaswa kwenda panapovuja. Badala yake fungu kubwa likaenda kwa Oliver Skipp, kiungo, wakati Winks na Ndidi wapo. Kwenye ushambuliaji wakamtegemea straika Vardy wa miaka 37, akasaidiwa na straika Edouard wa mkopo ambaye karibu hakucheza kabisa. Fatawu akaumia goti Novemba 2024, msimu ukamwishia hapo. Dirisha la Januari likaleta mtu mmoja, Woyo Coulibaly, beki wa kulia!

Cooper alifukuzwa Novemba, Van Nistelrooy akaja, wakafungwa mechi tisa mfululizo za ligi nyumbani bila kupata hata bao moja. Aprili 20, 2025 Liverpool wakawashusha rasmi kwa 1-0. Pointi 25, mabao 33 ya kufunga, 80 ya kufungwa.

Na msiniambie ni mkosi wa timu zinazopanda kwa kuwa Ipswich na Southampton nao walishuka. Burnley, Luton na Sheffield United, nao waliotoka kupanda, walishuka wote watatu msimu mmoja kabla. Bodi ilikuwa na mfano mbichi mezani, na bado ikaingia EPL bila straika halisi mpya wa kudumu wala kiungo mkabaji mwenye mbio za kufukia lile pengo la kulia. Anayetetea usajili ule aje na majina: nani alinunuliwa kwa ajili ya nafasi hizo mbili?