Mifuko ya kulalia kwa kambi ya baridi ya skauti: manyoya ya bata au nyuzi za sintetiki?

KiongoziWaDoria aliandika:
Salaam, wana jukwaa. Kikundi chetu cha skauti kinajiandaa kupiga kambi msimu wa baridi, na wiki hii inatupasa kuamua tununue mifuko ya kulalia ya aina gani. Ya manyoya ya bata ni myepesi na hukunjika ikawa midogo, ilhali ya sintetiki ni mizito zaidi lakini nafuu. Mnashauri ipi?

FundoImara alijibu:
Ndugu, swali lako halijibiki likiwa hivyo. Baridi hiyo ni ya nyuzi ngapi, tena ni kavu au ya mvua? Vijana wana umri gani, na watabeba mizigo mgongoni au gari litawafikisha kambini? Manyoya huhifadhi joto kwa kunasa hewa, na yakilowa hugandamana yakapoteza karibu nguvu yake yote. Sintetiki nayo hulowa, lakini hubakiza sehemu ya joto lake na hukauka upesi.

MamaWaSkauti alijibu:
Mimi ningeanza na kile kinacholaliwa. Uzito wa mwili huubana upande wa chini wa mfuko wowote ule, hewa ikatoka, na ardhi ikanyonya joto la mtoto usiku kucha. Kila kijana awe na mkeka wa povu, na ikiwezekana miwili, mmoja juu ya mwingine, kwa sababu uwezo wake wa kuzuia baridi hujumlishwa. Godoro la kujaza upepo siliamini kambini, kwani likitoboka saa nane za usiku mtoto amelala chini.

MlinziWaMoto alijibu:
Naunga mkono sintetiki, na sababu yangu ni kambi moja niliyosaidia kuiongoza. Vijana wengi walikuja na mifuko ya manyoya, tena ya ubora mzuri, na usiku wa kwanza walilala vizuri sana. Lakini mvua haikukoma, na kwa kuhofia baridi hema zilifungwa kabisa; pumzi za vijana waliobanana humo zikageuka maji kwenye kitambaa, yakadondokea mifuko, na baadhi yao walikuwa wamejifunika gubigubi wakipumulia ndani. Mchana hapakuwa na jua la kuanikia. Usiku uliofuata manyoya yalikuwa mabonge matupu, na kijana mmoja alitetemeka hata akashindwa kushika kikombe. Alipoanza kukokota maneno tulijua joto la mwili wake linashuka. Tulimvua nguo zenye unyevu, tukamvika kavu, tukamwingiza katika mfuko wa sintetiki wa kiongozi na, kwa kuwa alikuwa anameza vizuri, tukampa kinywaji cha moto chenye sukari. Alipata nafuu, lakini hakuna kiongozi aliyelala usiku ule.

KiongoziWaDoria aliandika:
Asanteni sana. Vijana wana umri wa miaka 11 hadi 14, watatembea saa chache wakiwa na mizigo, na alfajiri baridi huweza kushuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, pamoja na ukungu na manyunyu. Mifuko tuliyoiona imeandikwa nyuzi 5 chini ya sifuri.

FundoImara alijibu:
Je, hicho ni kipimo cha kulala kwa raha au cha ukomo? Kipimo cha kimataifa cha ISO 23537 hutenganisha viwili hivyo, na cha ukomo humhusu mtu mzima aliyejikunja akistahimili. Tena vipimo hivyo vimewekwa kwa ajili ya watu wazima, hivyo kwa watoto acheni nafasi ya kutosha.

Kijiti alijibu:
Kwa nini msiwashe jiko dogo la gesi ndani ya hema kabla ya kulala? Hema hupata joto haraka.

MamaWaSkauti alijibu:
La hasha! Jiko ndani ya hema hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini, mbali na hatari ya moto wenyewe. Ushauri huo usifike kwa vijana kabisa.

MlinziWaMoto alijibu:
Hata nje, mtungi wa butani pekee utawaangusha, kwa sababu butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri. Tafuteni mchanganyiko wenye propani, au jiko la mafuta.

Kijiti alijibu:
Nimeelewa kuhusu jiko. Kuhusu mifuko, hata hivyo, bado nasimama na manyoya: mtoto wa miaka 11 akichoka kwa mzigo mzito hutokwa na jasho, na hulowa kabla hata ya kufika kambini. Mfuko ukiwekwa ndani ya gunia lisilopitisha maji, na hema likiachwa wazi juu kidogo, manyoya hayalowi.

FundoImara alijibu:
Hayo huwezekana kwa mtu mzima mwangalifu. Kwa kundi la watoto gizani, sithubutu.

KiongoziWaDoria aliandika:
Na je, mifuko miwili myepesi ya sintetiki, mmoja ndani ya mwingine, inafaa?

MamaWaSkauti alijibu:
Inafaa iwapo wa nje ni mpana, kwani ukiwa mwembamba utaubana wa ndani. Tuambie kwanza mifuko hiyo ina urefu gani, maana nafasi tupu miguuni mwa mtoto mfupi ni baridi tupu, na hujazwa kwa nguo kavu.